Nadhiri Yangu na Miguu ya Kukhu



Kila mwaka ikikaribia tarehe 3 Juni, kuna anayeniuliza: "Frateri, kuna haja gani kutembea hadi Namugongo ilhali magari yapo?" Zamani nilijibu haraka haraka. Leo nataka kujibu polepole, kwa sababu ya siku yangu ya mwisho ya hija, ambayo inanisumbua mpaka sasa.

Tulivuka mpaka wa Busia kwa miguu, tukapita Jinja na msitu wa Mabira, usiku wa mwisho tukalala Mukono. Saa kumi alfajiri tukaanza tena, rozari mkononi, bango la parokia mbele. Barabara ile ya kuelekea Kampala haina huruma: malori, vumbi, boda boda zinakupita karibu na sikio. Lakini watu walisimama mbele ya maduka yao wakitugawia maji na kutuambia "Mwebale", yaani asanteni, kana kwamba tulikuwa tunawatembelea wao.

Nilikuwa nimeweka nadhiri: kila hatua kwa miguu, kutoka nyumbani hadi basilika. Nilikuwa na ombi zito, sitalitaja hapa.

Tulipofika Seeta, bibi mmoja wa jumuiya yetu, tunayemwita Kukhu, alishindwa. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vikakataa kuingia. Kiongozi wetu akaniangalia. "Frateri, kaa naye apumzike, halafu mpande gari. Mtatukuta mbele."

Nikasema, "Siwezi, nina nadhiri." Nilisema kwa upole, kiseminari kabisa.

Msichana mmoja wa kidato cha nne akatua mkoba wake. "Acha nibaki mimi." Yeye pia alikuwa ametembea kutoka nyumbani.

Niliingia Namugongo mchana, nikapiga magoti, nikalia. Furaha ilikuwepo, sitadanganya. Wao wawili walifika jioni, kwa gari. Kukhu aliponiona, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mjukuu wangu, miguu yako inaendeleaje?" Nilikosa jibu.

Sasa tufikirie pamoja. Kuitetea nadhiri yangu si vigumu. Ahadi inayovunjwa kila inapouma si ahadi. Kama ningekuwa nimechoka mimi, ningepaswa kuendelea. Lakini aliyechoka hakuwa mimi.

Katika Injili ya Marko sura ya 7, Yesu anawakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, na hivyo wakaacha kuwasaidia wazazi wao. Hapo nilijiona. Nilichukua kitu cha Mungu nikakifanya ukuta kati yangu na bibi mgonjwa. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba fadhila hupimwa kwa wema zaidi kuliko kwa ugumu. Kutembea kwangu kulikuwa kugumu, ndiyo. Wema ulibaki Seeta na yule msichana.

Siku hizi namkumbuka sana Mtakatifu Gonzaga Gonza. Mwaka 1886, wafungwa walipokuwa wanapelekwa Namugongo kuuawa, minyororo ilimuumiza miguu hadi akashindwa kutembea. Tarehe 27 Mei wakamuua kwa mkuki njiani, huko Lubaawo. Karoli Lwanga alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Gonza hakufika. Lakini Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mwaka 1964, Gonza alikuwa mmoja wa wale 22, sawa na wenzake.

Kwa hiyo, kuna haja gani kutembea? Haja ipo. Ukiwa ndani ya gari humwoni anayebaki nyuma. Ukiwa kwa miguu unamwona, na hapo unaulizwa swali. Mimi niliulizwa Seeta, nikajibu vibaya.

Nilimwomba Kukhu msamaha, na yule msichana pia. Mungu akinijalia, mwaka ujao nitatembea tena, ila safari hii nitakaa nyuma ya kundi.

Na wewe je? Ni kitu gani kitakatifu unachokitumia kumkwepa jirani yako? Novena? Mazoezi ya kwaya? Mkutano wa vijana, wakati mama yuko nyumbani peke yake na kazi zote? Kaa na swali hilo leo jioni, mbele ya msalaba.

Mashahidi wa Uganda, mtuombee.