Ramadhani 17: Kanzu Yenye Doa



Leo ni siku ya Badri. Jana baada ya tarawehe tumesikia habari za wale mia tatu na kitu waliosimama mbele ya jeshi la watu kama elfu moja. Mimi leo naomba tukae kidogo na watu ambao masimulizi ya vita huwapita haraka: waliorudi na majeraha.

Saad bin Muadh (r.a.) alipigwa mshale wa mkono katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria. Mtume (s.a.w.) akaamuru apigiwe hema msikitini, ili awe karibu naye na amtembelee. Vitabu vya sira vinamtaja Rufaida, mama wa kabila la Aslam, kuwa ndiye aliyetibu majeruhi katika hema hilo. Msikitini, jamani! Sisi maji ya udhu yakimwagika kwenye zulia tu tunanuniana.

Mtu atasema, nchi yetu haina vita. Sawa. Lakini Desemba 7, 2017, kule Semuliki, mashariki mwa Kongo, kambi ya walinda amani ilivamiwa. Askari wetu 15 walipoteza maisha, na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Waliokufa tuliwaombea. Waliojeruhiwa, nani aliwafuatilia baada ya mwezi? Na wako wanaoumia mazoezini au barabarani, hao hata kwenye habari hawatajwi.

Mwaka jana, Ramadhani kama hii, tulikwenda watatu kwenye hospitali moja ya jeshi na mifuko ya vitu tulivyokusanya hapa msikitini. Getini simu zikabaki, picha hakuna. Mwenzetu mmoja alinung'unika. Mimi nikasema kimoyomoyo alhamdulillah, maana sadaka yetu siku hizi haikamiliki bila picha.

Sista wa wodi akamwaga vitu mezani avikague. Wallahi niliona haya. Mashati yenye kola zilizochakaa. Ndala za mguu mmoja mmoja. Suruali ya jinzi nzito, na wodi ile nusu ya vijana wamefungwa vyuma miguuni kwa nje, suruali itapita wapi? Na katikati ya lundo, kanzu yangu. Niliitoa kwa sababu ilikuwa na doa la mchuzi kifuani lililogoma kutoka. Tusidanganyane: sikutoa sadaka, nilipunguza kabati.

Akaipata kijana mmoja mwenye plasta mkono wa kulia. Mkono wa kanzu haukupita. Akaikunja kwa mkono mmoja, polepole, doa likabaki juu, akaiweka chini ya mto. "Ahsante, ustaadh." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Hamkuja na wembe?" Ndevu zilikuwa za wiki kadhaa. Mtu aliyezoea kunyoa kila asubuhi kabla ya gwaride, sasa anaona aibu hata mama yake akija kumtazama. Mifuko minne tuliyobeba, wembe hakuna. Hatukuwa tumeuliza.

Tangu siku ile swali hili halijaniacha: kitu ninachotoa kinamtazama nani, mimi au yeye? Tumezoea ile aya ya 92 ya Aal Imran, kwamba wema uko katika kutoa tunachokipenda, na kisa cha Abu Talha na shamba lake la Bayruha. Hiyo ni haki. Lakini al-Baqara aya ya 267 inanibana zaidi, kwa sababu inaniuliza kama kitu hiki mimi mwenyewe ningekipokea bila kufumba macho. Ukuukuu wenyewe si kosa. Saa ya marehemu baba yako inayotembea vizuri inaweza kuwa bora kuliko saa mpya ya sokoni. Majeruhi alifika pale bila kitu chake hata kimoja, gwanda lenyewe lilikatwa kwa mkasi ili atibiwe. Kila kinachomgusa mwilini ni cha hospitali. Ukimpa shati, linakuwa kitu chake cha kwanza tena.

Wengine wanasema, wale wana mshahara. Wanao, ila mshahara uko Tabora kwa mke na watoto, na yeye hawezi kushuka kitandani kwenda dukani. Na aliyeuliza kama tuwape Wakristo pia, asome Suratul Insan aya ya 8. Mateka wa zama zile alikuwa adui wa vita, wala hakuambiwa asilimu kwanza.

Basi safari hii tumempigia sista kabla. Ametutajia: wembe na vioo vidogo, misuli na vikoi, mashati ya vifungo mbele (si fulana), kaptula pana, radio ndogo, chaja za simu, misala. Fundi wetu wa hapa mtaani amekubali kupanua mikono ya mashati na kanzu bure, mpelekeeni kabla ya Jumatano. Boksi liko kwa katibu mpaka Ijumaa baada ya swala.

Allah awaponye wote walio vitandani usiku huu. Aamin.