Huruma Nayo Hujifunzwa

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri kijitabu cha Kiingereza kilichokusudiwa wenye punda. Kilikuwa na kurasa chache tu, juu ya kwato, meno, minyoo na vidonda vya matandiko, nami nikadhani nitakimaliza baina ya alasiri na magharibi. Nilikwama ukurasa wa mwisho. Pale palizungumzwa sindano anayochomwa mnyama asiyetarajiwa kupona, ili afe pasi na maumivu. Wenye lugha ile wana neno lao, walilolitwaa kwa Wayunani, lenye maana ya kifo chema. Mimi nilitafuta neno langu nisilipate. "Kuua" lilikuwa kali mno, maana ndilo tunalolitumia kwa mwuaji. "Kupumzisha" lilikuwa tamu mno, na utamu wake ulificha jambo. "Kuchinja" halikufaa kabisa, kwani punda wetu haliwi. Ng'ombe akivunjika mguu, kisu kina jibu, na jibu hilo huishia chunguni. Punda akivunjika mguu, lugha yetu hunyamaza.

Kimya hicho nilikuwa nikikijua tangu utotoni. Mwaka 1982, nikiwa na umri wa miaka 12, tulikuwa na punda wawili hapa Lamu, dume na jike, wakibeba mawe ya matumbawe na mchanga kutoka gatini hadi penye ujenzi. Siku moja yule dume aliteleza kwenye ngazi za gati na mzigo mgongoni, mguu wa mbele ukavunjika juu ya goti. Baba, ambaye hakuwa mtu mkatili, alisema kuwa kilichobaki ni kumwondolea mateso. Nililia, nikamshika kanzu, mama akanitetea, baba akaachilia. Punda yule alilala uani siku 9. Nilimnywesha maji, nilimfukuzia nzi, nilimwombea dua. Alipokufa, majirani walinisifu: mtoto huyu ana huruma. Nimeibeba sifa hiyo miaka mingi, na kadiri nilivyokua ndivyo ilivyozidi kunielemea. Siku zile 9, nilimhurumia nani? Punda, au mimi niliyeogopa kuona damu?

Basi suala langu ni hili: je, huruma ni hisia inayojitosha, au ni elimu inayopasa kujifunzwa kama kusoma na kuandika? Sijapata pa kulipimia suala hili panapofaa kuliko makao ya wanyama waliotupwa, na kazi ya daktari anayewahudumia humo.

Tuanze na jina lake. Sisi humwita daktari wa mifugo, na jina hilo limebeba fikra nzima. Mfugo ni mali; mali ina mwenyewe; mwenyewe ndiye aitaye daktari na ndiye alipaye. Elimu hiyo nayo ilizaliwa katika mali. Chuo cha kwanza cha utabibu wa wanyama kilianzishwa na Claude Bourgelat mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, zama ambazo sotoka ilikuwa ikifagia ng'ombe wa Ulaya na farasi alikuwa nguvu ya majeshi. Hata leo, kijana anayesomea kazi hii Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, au Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, hukaa darasani miaka mitano, na sehemu kubwa ya masomo yake ni ng'ombe, mbuzi, kuku, ukaguzi wa nyama na maradhi yatokayo kwa mnyama kwenda kwa binadamu. Hilo si la kubezwa. Elimu hiyo ndiyo iliyoing'oa sotoka duniani, ikatangazwa kuwa imekwisha mwaka 2011. Lakini mnyama wa makao si mfugo wa mtu. Hana maziwa ya kuuza, hana mwenyewe wa kumlipia, wala hana ulimi wa kutoa shukrani. Methali yetu husema shukrani ya punda ni mateke. Daktari wa makao huyajua mateke hayo, na kesho yake hurudi.

Hapa Lamu makao ya namna hiyo tuliyaona mwaka 1987, miaka mitano baada ya punda wetu kufa, ilipofunguliwa zahanati ya punda pwani ya mji, ikitibu bila malipo. Aliyekuwa nyuma yake ni Elisabeth Svendsen, Mwingereza aliyeanzisha makao ya punda kwao Devon mwaka 1969. Bibi huyu hakuwa tabibu. Alianza kwa kupenda tu. Mwaka 1974 mtu mmoja alifariki akamwachia punda 204 katika wasia. Hebu msomaji apige hesabu: kwato 816 za kuchongwa, na vinywa 204 vya kulishwa na kukaguliwa meno. Kwa wasia mmoja upendo uligeuka hesabu, na hesabu ikadai matabibu.

Kwa muda mrefu hakuna aliyewafundisha matabibu namna ya kuyatumikia makao. Walijua kumtibu paka mmoja wa bibi mmoja. Paka 100 katika nyumba moja ni elimu nyingine. Somo maalumu la utabibu wa makao lilianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1999. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha California, Davis, kikaanza kumfunza daktari aliyehitimu akabobea humo. Na mwaka 2014 fani hiyo ikatambuliwa nchini humo kuwa tawi la ubingwa.

Na wanajifunza nini? Mengi ni mambo ambayo mtu mwenye moyo mwema hawezi kuyabuni kwa wema wake. Kwamba chanjo hutolewa pale pale mnyama anapoingia mlangoni, si kesho. Kwamba vyumba husafishwa kwa kuanzia vya watoto na wazima na kuishia vya wagonjwa, kwani mwenye kufanya kinyume hupeleka maradhi kwa ndoo na fagio lake mwenyewe. Kwamba paka aliyefungiwa mahali pa dhiki huamkiwa na mafua yaliyokuwa yamelala mwilini mwake, kwa hofu tu. Kwamba kuhasi wanyama wengi leo ni kuwaokoa wasiotupwa kesho. Na juu ya yote, kwamba kila makao yana kipimo cha wanyama inaoweza kuwatunza, na anayepokea kupita kipimo hicho hakuokoa, amekusanya. Wako watu duniani waliokutwa na makumi ya paka katika chumba kimoja, wote wagonjwa, na mwenye nyumba akiapa kuwa anawapenda. Hasemi uongo. Anawapenda kama nilivyompenda punda yule.

Sehemu ngumu ya elimu hii ni kusoma. Daktari wa wanyama naye ni mfasiri, na matini yake haina maneno. Ndugu wa Usafi wa Basra, katika karne ya 10, walitunga kisa cha wanyama waliowashitaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, kisiwani, na mle punda na kondoo wana ndimi fasaha za kudai haki. Makaoni hakuna ndimi hizo. Kuna sikio lililolala, pumzi iliyobadilika, fizi iliyopauka. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walichapisha kipimo cha kusoma maumivu katika uso wa panya, na mwaka 2014 kikafuata cha farasi. Punda ni mgumu zaidi: huficha maumivu yake, kwani katika asili yake anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa. Akiacha kula siku chache tu, mafuta ya mwili huweza kumfurika katika damu akafa. Yule anayesema "punda wangu ametulia leo" huenda anatazama mgonjwa mahututi. Utulivu niliouona uani mwaka 1982, nikaufikiri kuwa ni subira, sasa najua ulikuwa nini.

Tunarudi kwenye sindano. Wako wasemao kuwa aliyetoa roho ndiye mwenye haki ya kuitwaa, na wanavyuoni wetu wametofautiana katika kumfisha mnyama asiyeliwa kwa ajili ya kumwondolea mateso. Mimi si mwanachuoni, wala sitatoa fatwa. Namkumbuka tu Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Cairo mwaka 1262, aliyeandika kuwa miongoni mwa haki za mnyama juu ya binadamu ni kulishwa na kutunzwa hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena. Hoja hii nzito huwafunga wenye haraka. Inatukataza kumwondoa mnyama kwa sababu ametuchosha. Lakini haitulazimishi kuyarefusha maumivu yake ili sisi tuonekane wema.

Ni lazima pia kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Kumfisha mnyama ambaye maumivu yake hayana mwisho mwingine ni jambo moja. Kumfisha aliye mzima kwa sababu vyumba vimejaa ni jambo jingine, na tusilipake asali ya jina lile lile. Hilo la pili si kosa la anayeshika sindano. Ni deni la wote waliotupa, waliozalisha, na waliopita njia wakijifanya hawaoni. Kisha deni lote likawekwa mkononi mwa mtu mmoja aliyeisomea kazi hii kwa kuwapenda wanyama. Mwanafalsafa Bernard Rollin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, aliyeanza kuwafundisha matabibu hawa somo la maadili mwaka 1978, aliyaeleza mateso hayo kuwa ni ya aina yake: si uchovu wa kazi, bali ni maumivu ya mtu anayelazimika kutenda kinyume cha kile kilichomwita. Tafiti za Uingereza na Marekani zimeonyesha kuwa matabibu wa wanyama hujiua kwa kiwango kinachopita kile cha watu wengine. Jamii inayomkabidhi mtu kazi ya rehema na kumwacha peke yake nayo haijawahurumia wanyama wala yeye.

Basi jibu langu, baada ya kuzunguka kote huko, ni kwamba hisia ni mlango tu wa huruma. Ndani ya nyumba mna kujifunza, mna kuhesabu, mna kusoma uso usiosema, na mna siku ya kufanya linalokuumiza wewe ili lisimuumize mwingine. Baba yangu, ambaye hakusoma chuo chochote, alikuwa karibu na huruma hiyo kuliko mimi. Alichokosa ni sindano, na mtu wa kusimama naye.

Katika kijitabu kile niliandika "kumfisha". Ni neno letu la zamani, lililotoka katika kufa: halifichi kuwa kuna mtendaji, wala halimwiti mwuaji. Kisha nikakutana na mtihani wa mwisho. Kijitabu kilishauri kuwa punda akifa, mwenzake aachwe karibu na yule aliyekufa mpaka mwenyewe atakapogeuka na kuondoka. Akitengwa naye ghafla huhangaika na kuacha kula. Kiswahili kingenitaka niseme "mzoga". "Maiti" tumejiwekea wenyewe. Niliandika "mwili".

Yule jike wetu tulimfungia nje ya ua ili asione. Alilia usiku kucha, nasi tukasema ni njaa.