Kicheko cha benchi: ni subira au ganzi?

WASWAHILI wa mjini tumejaaliwa ulimi. Ukitaka kuusikia ukifanya kazi yake, nenda ofisi yoyote ya umma hapa Dar es Salaam asubuhi ya Jumatatu, ukae kwenye benchi la wanaosubiri huduma. Utasikia kwamba faili la mzee fulani limekwenda Hija, likirudi itabidi liitwe Alhaji. Utaonyeshwa koti lililotundikwa kwenye kiti cha bosi, uambiwe kwamba koti ndilo linaloripoti kazini, mwenyewe hufuata mshahara tu. Kijana mmoja atasema alianza kufuatilia cheti chake cha kuzaliwa akiwa na nywele, sasa ana upara. Benchi zima litacheka, na aliyekuwa amekunja uso tangu alfajiri ataukunjua.

Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: kicheko hiki tukipe hukumu gani kimaadili? Ni sehemu ya subira tuliyoamrishwa, au ni njia ya kuizoea dhulma mpaka isituume tena?

Tuanze kwa kukipa kicheko haki yake. Wapo wanaoamini kwamba mcha Mungu lazima awe amenuna. Hilo halina msingi. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitania, ila hata katika utani hakusema isipokuwa kweli. Mtu mmoja alimwendea kuomba mnyama wa kupanda, akaambiwa atapandishwa juu ya mtoto wa ngamia. Yule bwana akashangaa, mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume akamuuliza kama yupo ngamia asiyezaliwa na ngamia.

Kisa hiki nakisomesha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wanacheka. Huwa nawaomba watazame jambo moja zaidi. Aliyetania pale ni kiongozi aliyeombwa huduma, na utani wake ulikuwa ndani ya ahadi ya kutoa kilichoombwa. Kwetu mambo yamegeuka: anayetania ni mwenye shida, na anatania kwa sababu hajapewa.

Hata utani wetu wa jadi una masharti. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Msibani mtani anaruhusiwa kumsema marehemu na kuwasema wafiwa usoni, na hakuna wa kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayehangaika na shughuli za msiba. Haki yake ya kuchekesha imefungwa na wajibu wa kusaidia, na maneno yake huyasema mbele ya mhusika. Mzaha wa benchi hausemwi mbele ya mhusika. Mlango wa ofisi ukifunguliwa tu, wote tunanyamaza, tunasimama na kusema "shikamoo mkubwa", hata kama mkubwa mwenyewe ni kijana wa kumzaa.

Miaka michache iliyopita nilikaa benchi moja na mama mjane aliyekuwa akifuatilia cheti cha kifo cha mumewe, ili apate kufungua mirathi mahakamani. Fedha za marehemu zilikuwa benki na haziguswi. Mama akatuambia: "Wanangu, eda yangu ilikuwa miezi minne na siku kumi, nimeimaliza. Hii karatasi sijui inakaa eda ya nani." Tulicheka sana, na yeye alicheka. Kisha akasema mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita ifikapo Ijumaa. Hapo hakucheka mtu.

Maneno ya mama yule nimeyafikiria mara nyingi, kwa kuwa ndani ya mzaha wake mlikuwa na hoja nzito. Sheria ya Mwenyezi Mungu (SW) imeiwekea muda hata huzuni ya mjane. Swala ina wakati, saumu ina mwezi, zaka ina mwaka. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni na muda wake, na ndani yake mwandishi ameamrishwa asikatae kuandika. Basi karatasi si jambo dogo katika dini yetu, na karani ametajwa katika Kitabu. Anayemwambia mjane "njoo kesho" bila sababu, siku ya kumi mfululizo, anakalia haki ya yatima.

Atasema msomaji: "Mwalimu, Allah yuko pamoja na wanaosubiri." Ni kweli. Lakini tumtazame Nabii Yaaqub (AS), ambaye Qur'an inamtaja kwa subira njema. Subira ile haikumzuia kuwaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa. Alisubiri huku akituma watu watafute. Hicho ndicho kipimo. Kicheko kinachotupa nguvu ya kurudi dirishani na kuuliza ni msaada kwa subira. Kicheko kinachotufanya tuone tumeshamaliza kazi, tukarudi nyumbani na hadithi ya kusimulia barazani, hicho ni ganzi. Kidonda kipo pale pale, maumivu tu ndiyo yameondoka.

Mzaha pia una hatari ya kuisafisha haramu. Rushwa tumeiita chai, tukaiita soda, tukaiita kitu kidogo. Majina yanachekesha, na mtu akicheka haoni tena kwamba anatenda dhambi. Mtume (SAW) alimtuma mtu kukusanya zaka, naye aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, hili nimezawadiwa. Mtume alipanda mimbari na kuuliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Sheria ya nchi ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa nayo inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji. Aliyetoa "ya soda" ili faili lake liruke foleni, amelirusha juu ya faili la mama yule.

Pamoja na hayo tumtendee haki karani. Wapo watendaji wanaohudumia maelfu ya watu kwa meza moja na kompyuta inayogoma, na lawama za waliotunga utaratibu huangukia wao. Naye karani ni mwenzetu, Ijumaa tunasimama safu moja. Na tujitazame wenyewe: kamati ngapi za misikiti zinamzungusha muumini mwezi mzima kwa barua ya mistari mitatu?

Basi tufanye nini? Ofisi nyingi za umma zina mkataba wa huduma kwa mteja, wenye kutaja huduma na muda wake. Tuusome. Ukiambiwa njoo kesho, uliza kwa adabu: kesho saa ngapi, nimwone nani, na kimepungua nini? Andika jibu na tarehe mbele yake. Wenye elimu kidogo tuwasindikize wazee na wajane, maana anayeuliza akiwa na shahidi hujibiwa tofauti. Na mkutano wa mtaa ukiitishwa twende, tukaseme pale, mbele ya mwenyekiti na mtendaji, yale tunayoyasema kwenye benchi. Tukiweza kuyasema kwa kuchekesha, vizuri zaidi, kwani kweli iliyotaniwa usoni humfikia mtu bila kumvunjia heshima.

Wabillahi tawfiq.