Sindano ya Nguvu na Nafaka ya Nyumba

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mngu, aliyejaalia utoto na ujana na uzee kuwa manzili za safari moja. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Wa baad. Katika mambo yaliyozuka miongoni mwa wanaume waliopita miaka hamsini ni hamu ya dawa iitwayo testosteroni. Wengine hudungwa sindano, wengine hujipaka mabegani, na khabari yake hutajwa barazani kwa sauti ya chini, mtu akimnong'oneza mwenziwe kuwa hurudisha ujana. Walakini mnong'onaji huyo akiulizwa dawa hiyo itakula fedha kiasi gani, na kwa muda gani, na ni nani nyumbani atakayepunguziwa ili ilipwe, hana jawabu. Na hilo ndilo khasa la kutazamwa.

Testosteroni si uchawi. Ni kitu kitengenezwacho ndani ya korodani za mwanamume kwa kudura ya Mwenyezi Mngu, kikaenda na damu. Ndicho kimpacho sauti nzito, na ndevu, na nguvu za maungo, na matamanio. Mwaka 1889 dakitari mashuhuri wa Paris, jina lake Brown-Séquard, naye ni mzee wa miaka 72, alijidunga maji yaliyotolewa katika korodani za mbwa na wanyama wengine wadogo, akatangaza kuwa nguvu zimemrejea. Akafa mwaka 1894, na waliokuja nyuma yake wakaona kuwa maji yale hayakuwa na nguvu hiyo: alichokipata ni matumaini yake mwenyewe. Dawa khasa ilipatikana na kuundwa Ulaya mwaka 1935. Hii ya leo basi ni dawa ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli, manufaa yake ni ya kweli na madhara yake ni ya kweli.

Kujitibu katika madhehebu ya Imamu Shafi'i ni sunna, wala si wajibu. Asiyeitaka dawa hii hana dhambi. Mtume s.a.w. alipoulizwa na mabedui juu ya kujitibu aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa hapana ugonjwa ulioteremshwa ila una dawa, akautoa mmoja tu, nao ni uzee. Mwenye akili na asimame hapo kidogo. Kwani mlango wa masala haya yote ni swali moja: mtu huyu ni mgonjwa, au amezeeka?

Mgonjwa ni yule ambaye korodani zake zimeharibika kwa maradhi au kwa kuumia, au ameota uvimbe katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ambayo ndiyo iziamrishayo korodani kufanya kazi. Huyo ana njia iliyo wazi. Ama mzee, testosteroni yake hupungua kidogo kidogo, kadiri ya moja kwa mia kila mwaka, kama kipunguavyo kitu chochote cha dunia. Mwaka 2015 wasimamizi wa dawa wa serikali ya Marekani waliwalazimisha watengenezaji waandike kuwa haikuthibitika faida wala salama ya kuitumia kwa upungufu uletwao na umri peke yake. Tena wangapi wanaodhani wamepungukiwa, na kumbe ni sukari, au kitambi, au kukosa usingizi, au huzuni! Hakijulikani kitu ila kwa damu kupimwa asubuhi, kabla ya kula, siku mbili mbali mbali. Mwenye kuuza dawa bila ya kupima ni mfanyi biashara, si tabibu.

Na manufaa yake yasizidishwe. Mwaka 2016 ilitangazwa natija ya uchunguzi wa wazee 790 wa Marekani, wote wametimiza miaka 65 na damu zao zimepungukiwa. Matamanio yao yaliongezeka kwa kiasi; ama uchovu, ambao ndio wengi huulalamikia, haukuondoka kama walivyotaraji. Mwaka 2023 ukaja uchunguzi wa watu zaidi ya 5,000 wenye maradhi ya moyo au wanaoyakhofia. Haukuonekana mshituko wa moyo wala kiharusi kuzidi, walakini mapigo ya moyo kwenda ovyo na damu kuganda mapafuni yalizidi kidogo kwa waliotumia dawa. Pia dawa hii huifanya damu nzito. Kwa hivyo hupimwa kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi mitatu mpaka sita, kisha kila mwaka. Sehemu ya chembe nyekundu ikipita 54 kwa mia, dawa husimamishwa. Tezi dume nayo huangaliwa. Tena huikatiza mbegu ya uzazi: mzee aliyeoa mke kijana kwa kutaka mtoto, kisha akajidunga, ameufunga mlango anaoubisha.

Katika upande wa fikihi ya dawa yenyewe hapana uzito mkubwa. Kwa kawaida asili yake ni mimea, na aina moja ya sindano huchanganywa na mafuta ya ufuta. Kudungwa katika nyama hakufunguzi saumu kwa kauli ya wanavyuoni wengi wa zama hizi. Ya kupaka ina spiriti, na humo mna khitilafu. Mwenye kujitahadhari achague sindano. Akiwa hana budi kujipaka, aoge janaba kwanza ndipo ajipake, anawe mikono, na afunike mahali hapo kwa nguo asimguse mkewe wala mtoto, kwani humwingia aguswaye akadhurika.

Sasa gharama. Mwaka 2016 huko Marekani mwenye kudungwa alitumiliwa dola 156 kwa mwaka, na mwenye kujipaka dola 2,135. Na chama cha madakitari wa huko mwaka 2020 kikashauri sindano, kwa kuwa athari za mbili hizo zakaribiana. Ongeza vipimo vya damu na ujira wa tabibu. Wala si gharama ya mara moja. Mwili ukiletewa testosteroni kutoka nje huacha kutengeneza yake, na mwenye kuiacha hukaa miezi katika unyonge mpaka tezi ziamke, ikiwa zitaamka. Aliyeanza sindano basi amejiongezea mtu wa kulishwa, naye hali pamoja na wengine ila hutangulia.

Na tuseme mtu ana mke, na watoto watatu chuoni, na pato la kadiri. Nafaka ya mke kwa Shafi'i ni mudi mbili kila siku kwa mwenye wasaa, na mudi na nusu kwa wa kati, na mudi moja kwa masikini, na isipotolewa huwa deni shingoni mwa mume hata siku ya kufa kwake. Ya watoto haiwi deni. Siku ikipita imepita, nao wamelala njaa, wala hapana wa kuwadaia. Sindano ya mzee asiye mgonjwa haiwezi kutangulizwa mbele ya hayo, hata mke mwenyewe akinyamaza kwa haya.

Wengine hujidunga kwa khofu ya kuwa mke ataomba kuachishwa. Khofu hiyo haina msingi katika madhehebu: mume aliyekwisha kumwingilia mkewe katika ndoa hiyo, kisha akashindwa, hafasikhiwi kwa sababu hiyo. Asiyemwingilia kabisa ndiye apewaye na kadhi muhula wa mwaka, zipite nyakati zote za joto na baridi, ijulikane kama ni maradhi ya kupita. La ajabu ni kuwa madakitari wale wa mwaka 2020 nao walitaja miezi kumi na miwili: matamanio yasipotengenea katika muda huo, dawa iachwe. Mwenye kuianza kwa udhuru wa kweli na aandike siku aliyoanza, na amwambie mkewe. Mwaka ukitimia bila ya faida, aiache kwa shauri la tabibu, na fedha zile zirudi katika kapu la nyumba zilikotoka.

Wallahu aalam.