Silaha Isiyomwona Jirani

Mimi ni mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, na wajomba zangu wako Tororo. Kwa hiyo swali hili kwangu si la darasani tu: je, ni halali nchi kujirundikia silaha za kumfikia jirani isiyemwona?

Desemba 1987 askari wa Kenya na Uganda walifyatuliana risasi Busia, na mpaka ukafungwa. Kabla ya mwaka kwisha, Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba, wakapatana. Risasi zile zilikuwa na kikomo. Mwaka 2011 Uganda ilinunua kwa Urusi ndege sita za kivita aina ya Sukhoi Su-30, kwa zaidi ya dola milioni 700. Kwa ndege hizo, kutoka Entebbe hadi Nairobi ni chini ya saa moja. Oktoba 2022 Jenerali Muhoozi Kainerugaba aliandika mtandaoni kwamba jeshi lake lingeiteka Nairobi kwa muda usiofika wiki mbili. Baba yake, Rais Museveni, akawaomba Wakenya radhi.

Atasema mwenzangu: Suratul Anfal, aya ya 60, inatuamrisha kuandaa nguvu. Naam. Lakini nguvu hiyo imetajwa kwa ajili ya kumtisha adui, na aya inayofuata inaamrisha kuielekea amani adui akiielekea. Silaha ya masafa marefu haibagui wa kumtisha. Jirani naye huogopa, hununua yake, na wote wawili hubaki na deni na hofu.

Tena kuna suala la jicho. Abubakar (r.a.) alimuusia Yazid bin Abi Sufyan asiue mwanamke, mtoto wala mzee, wala asikate mti wa matunda. Amri hiyo humtaka mpiganaji aone anachokipiga. Ndiyo maana mafakihi waliijadili manjaniki, mtambo wa kurusha mawe juu ya kuta za mji wenye wasiopigana ndani yake. Kombora ni manjaniki iliyozidishiwa masafa. Masharti yake yazidi pia.

Rai yangu ni hii: kujilinda ni haki, lakini kadiri silaha inavyofika mbali, ndivyo mwenye nayo anavyodaiwa maelezo zaidi, bungeni kwake na mbele ya majirani katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hana imani ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Sioni kwa nini fundisho hilo liishie kwenye ua wa nyumba, lisivuke mpaka wa Busia.

Wallahu aalam.