Ukuta Wenye Ufa

Ndugu Waislamu, Jumamosi 10 Septemba 2016, siku mbili kabla ya Idi ya Kuchinja, ardhi ilitetemeka Bukoba, wakafa watu wasiopungua 16. Mtikiso ukafika hata magharibi ya Kenya. Wako wasemao kuwa wafao hivyo wameadhibiwa. Wamelijuaje? Mtume (s.a.w.) amemhesabu aangukiwaye na jengo akafa kuwa ni shahidi.

Na mitetemo ifuatayo, saa yake haijui mtaalamu, sembuse mwandika hirizi. Basi waandikieni jamaa zenu wa Migori na Homa Bay, walio ng'ambo ya ziwa lile: likiwafika tetemeko, msikiti ulioingia ufa usiingiwe mpaka fundi aukague. Waswali uwanjani, ardhi yote tumefanyiwa msikiti. Na aonaye haya kulala nje, watoto wake wamo ndani.