Dalali na Dalili

Neno dalali na neno dalili ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, katika shina lenye maana ya kuonyesha njia; na kwa asili yake dalali si mpiga kelele wa mnadani wala mla asilimia, bali ni mwonyeshaji. Swali la iwapo dalali wa nyumba anawajibika kumweleza mnunuzi kasoro za nyumba anayomwonyesha lingeonekana basi halina haja ya kuulizwa. Hata hivyo linaulizwa, na mkoani Mara linaulizwa kwa uchungu.

Mjini Musoma hakosekani mtu atamaniye kuliona ziwa kutoka dirishani kwake. Hupelekwa kiangazi, maji yametulia mbali, akaonyeshwa mandhari, akalipa. Huenda asiambiwe kwamba mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Viktoria lilifura likameza makazi ya kando yake; wala kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni. Bunda nako, barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari imeupasua mji. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 22.5 hadi 30 kila upande, na nyumba zilizojengwa nje ya mpaka wa zamani zikajikuta ndani ya mpaka mpya. Alama ya X hufutika kwa kopo moja la rangi. Dalali aliyemwona fundi akiipaka rangi hiyo hakusema uongo wowote, alinyamaza tu.

Je, kunyamaza ni kudanganya? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyorithi maneno yake mengi kutoka sheria ya India ya 1872, inajibu kwa tahadhari: ukimya mtupu si udanganyifu, ila pale hali ya mambo inapomlazimu aliyenyamaza kusema, au ukimya wenyewe unapokuwa sawa na usemi. Sheria ile ya India ilileta mfano wa farasi mgonjwa. Amwuzaye mnadani bila kutamka neno hana hatia. Lakini mnunuzi akiwa binti yake aliyefikia utu uzima juzi tu, baba analazimika kusema. Kumbe wajibu hauzaliwi na ugonjwa wa farasi, unazaliwa na uhusiano. Mnunuzi, basi, ni nani kwa dalali?

Mjadala huu una umri mkubwa. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika juu ya muuza nyumba ajuaye peke yake kwamba nyumba yake ina maradhi na wadudu. Aliwakabilisha wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babylon aliona kwamba asiyemlazimisha mtu kununua hakumdhulumu. Antipater, mwanafunzi wake, alilinganisha ukimya huo na kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea. Antipater hakuwa na Kiarabu, lakini amelifasiri neno dalali kuliko kamusi nyingi. Fiqhi nayo imempa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa. Na aibu, katika Kiarabu, ni kasoro ya kitu. Waswahili wameitoa katika bidhaa wakaiweka usoni mwa mtu.

Diogenes, hata hivyo, hajashindwa. Dalali ni wakala wa muuzaji. Ndiye aliyemtuma, na mara nyingi ndiye anayemlipa. Atakuwaje mwaminifu kwa aliyemtuma huku akimpunguzia bei? Hoja hii ina nguvu kwa yale ambayo jicho la mnunuzi linaweza kuyafikia: ufa wa ukuta, bati lenye kutu. Haina nguvu kwa yale yaliyo katika kumbukumbu za watu tu. Mgeni wa Bunda hakumkodi dalali kwa sababu hana macho. Amemfuata kwa kuwa hana jirani. Ujuzi wa mtaa ndio bidhaa ya pekee ya dalali, naye huupokelea malipo ya ziada pale anapokula huku na huku.

Kigumu zaidi kiko Butiama. Huko watu huzikwa nyumbani. Mwalimu Nyerere mwenyewe alirudishwa kuzikwa huko mwaka 1999. Achukuliwe mjane anayeuza boma ili asomeshe watoto, na nyuma yake pana makaburi mawili yaliyosawazika na ardhi. Kaburi si ufa. Lakini likitajwa, bei huanguka, na anayeumia si tajiri. Hapa ukimya huvaa sura ya huruma, na wengi wangeusamehe. Ila upungufu wa bei ulikuwapo kabla ya mnunuzi kufika. Kunyamaza hakuufuti, kunauhamishia tu mabegani mwa mtu ambaye hakuulizwa, na ambaye pengine naye ana watoto wa kusomesha. Tena mjane angeweza kuyasema makaburi yale na kudai haki ya kuyazuru, jambo ambalo ukimya unamnyima milele.

Dalali ajuaye makaburi yalipo humpitisha mgeni kwa mlango wa mbele, akamzungusha upande wa mgomba, akamrudisha barabarani kabla jua halijalala. Angeamini kwamba hayana uzito, angempitisha popote.